Godoro la "teknolojia ya NASA" kwa fedha za karafuu: tununue?

Swali:

"Assalaamu alaykum. Naishi na familia yangu katika kijiji cha pwani hapa Pemba. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili na gari, wanauza godoro wanaloliita la memori na kichujio cha maji. Wanasema vyote ni teknolojia ya NASA, ndivyo wanavyolalia na kunywea wanaanga. Godoro shilingi 1,800,000, kichujio 650,000. Walitumbukiza vyuma viwili vya umeme katika maji ya kisima chetu, yakageuka kahawia kama matope. Maji yao waliyokuja nayo kwenye chupa, wakasema yamepita kwenye kichujio, yakabaki safi. Nilishtuka sana. Maji yetu yana chumvichumvi lakini hatujawahi kuugua. Mama yangu ana miaka 68, mgongo unamuuma tangu alipoteleza uani kabla ya Ramadhani, na siku hizi mguu wa kulia unamfa ganzi. Fedha za karafuu tunazo, na mume wangu anasema tununue vyote viwili. Wale vijana wanasema hata hao NASA walikuwa na kituo Unguja. Ni kweli? Tununue?"

Jibu:

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Mtu wa miaka 68 akiteleza akaanguka, mgongo ukaendelea kumuuma muda wote huo, kisha mguu ukaanza kufa ganzi, anahitaji daktari kabla ya godoro. Kazi yangu ni vifaa na namna vinavyotengenezwa, si tiba, lakini hata sisi watu wa vifaa tunajua kwamba pingili za uti wa mgongo wa mwanamke wa umri huo zinaweza kupasuka kwa kuanguka kudogo tu, na kwamba ganzi ya mguu inaweza kuashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Mpelekeni hospitali wiki hii, iwe hapo Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, akaangaliwe na kupigwa picha. Na ikiwa ganzi itafika mapajani kwa ndani na sehemu za siri, au mkojo na choo vikaanza kumponyoka, au mguu ukaishiwa nguvu, au maumivu yakaja pamoja na homa, msingoje hata kupambazuke.

Sasa tuje kwa wale vijana. La kituo wamesema kweli. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Waingereza, waliokuwa bado wanaisimamia Zanzibar, na kituo kikajengwa Tunguu, kisiwani Unguja. Wakati ule chombo kilichokuwa kikiizunguka dunia kilisikika redioni kwa dakika chache tu kabla ya kuzama upande wa pili, kwa hiyo NASA, idara ya Marekani ya safari za anga, ikapanga vituo kuizunguka dunia, kimoja kinampokeza mwenzake: Kano kule Nigeria, kisha Tunguu, kisha meli iliyowekwa Bahari ya Hindi, na kuendelea. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipopita upande wetu alifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira, na daktari aliyekuwa kituoni Zanzibar akayasoma mapigo ya moyo wake kwa redio. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Leo Tunguu ina kampasi ya chuo kikuu chetu cha SUZA, na mimi hufurahi sana kila nikikutana na mwanafunzi anayeijua habari hii. Lakini kituo kile kilikuwa cha redio. Godoro lililomo ndani ya gari lile hakilihusu kwa lolote.

Maneno "teknolojia ya NASA" yanahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndiyo yaliyokuvuta. NASA ni idara ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1958. Haina kiwanda cha magodoro wala cha vichujio. Inachofanya ni kuwalipa wahandisi watatue tatizo fulani la ndege au la chombo cha anga, kisha makampuni huruhusiwa kuuchukua ujuzi ule na kuutia katika bidhaa zao. Tangu mwaka 1976 imekuwa ikitoa chapisho linalozitaja bidhaa hizo. Lakini haitoi cheti kwamba godoro fulani ni bora, na nembo yake hairuhusiwi kutumiwa ionekane kana kwamba imeidhinisha bidhaa ya mtu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kusema jambo la kweli kabisa kuhusu asili ya kitu, na kitu chenyewe kisikufae hata kidogo. Mimi kila nikiletewa kitu cha namna hii huuliza kilitengenezwa kwa tatizo la nani.

Tulichukue godoro. Sponji ile ilibuniwa kweli kwa fedha za NASA, mwaka 1966, na mhandisi aitwaye Charles Yost, kwa ajili ya kituo cha utafiti cha Ames huko California. Tatizo lake lilikuwa kiti cha ndege. Walitaka kitu kitakachompokea rubani au abiria pale ndege inapogonga, kiupunguze mshindo, na siku za kawaida kimfae mtu anayekaa saa nyingi bila kuinuka. Wanaanga hawalalii godoro hilo. Kule juu mtu hana uzito wa kulilalia chochote: hujiingiza katika mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani, akaelea humo hadi asubuhi. Kijana aliyekuambia vingine, ama hajui ama hataki ujue.

Sponji ya kawaida ukiibonyeza hurudi papo hapo. Hii ya memori imetengenezwa kwa plastiki ya jamii ileile, poliyurethani, ila imechanganywa kwa namna inayoifanya iwe nzito na irudi polepole. Ukiibonyeza kwa kiganja na kukiondoa, alama ya mkono hubaki kwa sekunde kadhaa, kisha hufumuka taratibu. Na ina tabia ya pili ambayo wauzaji wa kwetu hawaitaji: ugumu wake unategemea joto. Penye baridi hukakamaa, penye joto hulegea. Huko Ulaya hilo ni jambo zuri, kwa sababu chumba kina baridi na sponji inalegea pale tu mwili ulipoigusa, pengine pote inabaki imara. Fikiria sasa chumba chenu mwezi wa Februari, kaskazi imetulia, usiku nyuzijoto 28, hapana upepo. Sponji imeshalegea kabla mama hajapanda kitandani. Akilala anazama, na ile sponji inamzunguka na kulizuia joto la mwili wake lisitoke. Mimi niliwahi kulilalia godoro la namna hiyo usiku mmoja wa kaskazi katika nyumba ya wageni, saa nane za usiku nikateremka sakafuni.

Kwa mzee kuna la ziada. Anayezama godoroni hupata tabu kujigeuza, na mwenye mgongo unaouma anahitaji kujigeuza mara kwa mara. Hata kuinuka kwenda msalani alfajiri kunakuwa kazi. Sponji hii ina sifa yake ya kweli, nayo ni kuusambaza uzito wa mwili, ndiyo maana hospitali huitumia kwa wagonjwa waliolazwa muda mrefu ili wasipate vidonda vya mgongo, na hata hao bado lazima wageuzwe. Kama mama yako angekuwa hawezi kuinuka kabisa, jibu langu huenda lingekuwa jingine.

Wako na wanaosema dawa ya mgongo ni kulala juu ya ubao au sakafuni. Huko Hispania watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawiwa magodoro, baadhi magumu, baadhi ya ugumu wa kati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Baada ya siku 90 waliolalia ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi. Godoro la ugumu wa kati unalipata katika duka la kawaida la magodoro kwa sehemu ndogo ya ile 1,800,000, au mnamwita fundi alifumue godoro la sufi, ajaze upya na kulishindilia vizuri. Na kabla ya yote angalieni chaga za kitanda cha mama. Mara nyingi godoro halina kosa, chaga mbili zimepinda katikati na mgongo unaingia shimoni kila usiku.

Kama mume wako bado analitaka, basi mlipime. Sponji nzuri ya memori ina uzito wa kilo 50 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo, na ya kawaida ni kama 20 hadi 30. Godoro la urefu wa mita 1.9, upana 1.5 na unene wa sentimita 20 lina mita za ujazo 0.57. Lingekuwa la memori lote lingekaribia kilo 29. Mengi yana tabaka la memori la sentimita tano tu juu ya sponji ya kawaida, na hilo si kosa ikiwa umeambiwa. Lakini likija godoro zima kilo 12, ukabonyeza likaruka juu mara moja, hiyo ni sponji ya kawaida iliyovishwa kitambaa kizuri. Mwenye mizani ya karafuu hana sababu ya kukadiria kwa macho.

Kichujio kimeniudhi zaidi, kwa sababu ya vile vyuma viwili.

Kile ulichokiona ni kiinimacho kinachotembezwa nchi nyingi, na kanuni yake ni ya skuli. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme ila kwa shida. Maji yenye chumvi na chokaa, kama ya visima vyetu vya pwani yanayopita katika mawe ya matumbawe, yanapitisha vizuri. Umeme ukipita, chuma cha upande mmoja huanza kuliwa: vipande vyake visivyoonekana vinaingia majini, vinakutana na hewa iliyomo, na kugeuka kutu. Yale matope ya kahawia yametoka katika vyuma vyao. Hayakuwamo kisimani. Yale ya chupa yalibaki safi kwa sababu hayana madini ya kupitisha umeme, basi. Yangeweza kuwa na vijidudu tele na bado yakabaki yanang'ara. Na umesema mwenyewe, maji yale walikuja nayo. Hukuona maji ya kisima chako yakiingia kwenye kichujio na kutoka upande wa pili.

Wakirudi, ombeni jambo moja. Tieni chumvi ya jikoni, nusu kijiko cha chai, katika maji yao safi ya chupa, kisha watumbukize vyuma vilevile. Yatageuka kahawia mbele ya macho yenu. Chumvi hiyo ndiyo mnayopikia mchuzi kila siku.

Wanaanga wanakunywa nini basi? Katika kituo cha kimataifa cha anga, jasho, unyevu wa pumzi na hata mkojo hukusanywa, huvukizwa, huchujwa, hupashwa moto na kutiwa dawa, hadi yakawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mtambo huo umefikia kuyarejesha asilimia 98 ya maji. Ni kazi ya kustaajabisha, nami huifuatilia kwa mapenzi. Lakini ni makabati ya mitambo, yenye umeme, pampu, vipuri na watu wa kuvihudumia. Kichujio cha 650,000 kinachoning'inizwa ukutani kwa kawaida kina mkaa maalumu, pengine na kauri, pengine na chembe za fedha, namaanisha madini ya fedha, za kuzuia vijidudu visizaliane humo ndani. Mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini. Kauri nzuri huzuia vijidudu vingi. Chumvi hakuna kinachoiondoa kati ya hivyo.

Chumvi huondolewa kwa kuyavukiza maji, au kwa kuyasukuma kwa nguvu kupita katika utando mwembamba mno unaoruhusu maji na kuizuia chumvi. Mitambo ya utando ipo, hoteli nyingi za ufukweni wanaitumia, nayo haikutoka kwa wanaanga. Lakini huo mtambo una pampu, na una bomba la kumwagia maji yaliyobaki na chumvi yote, mara nyingi lita mbili au tatu kwa kila lita moja mnayoipata. Kwa hiyo kitazameni tu kichujio chao. Hakina bomba la kumwaga? Basi muulizeni kijana chumvi inakwenda wapi.

Upande wa pili nao niuseme, maana sitaki kukupa amani ya uongo. "Hatujawahi kuugua" haitoshi. Chumvichumvi ya kisima chenu, ikiwa kidogo, haina hatari kubwa, ila kwa aliye na presha ni vizuri daktari ajue maji anayokunywa. Hatari ya visima vyetu ni choo kilicho karibu, na hiyo haina rangi wala ladha. Sisi Wazanzibari kipindupindu hatukukisoma vitabuni. Hakikisheni kati ya kisima na shimo la choo, la kwenu na la jirani, kuna mita 30 kwa uchache, na kisima kina mfuniko na ukingo. Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, au mtie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Na mpelekeni mtu ofisi ya Mamlaka ya Maji, ZAWA, aulize namna ya kuyapimisha maji ya kisima. Kama baada ya kupima mtaambiwa chumvi imezidi, hapo ndipo tutazungumza juu ya mtambo, au juu ya tangi la kuvunia mvua za masika, ambalo kwa Pemba mimi naliona lina akili zaidi.

Nisingependa umalize kusoma ukidhani kila chenye jina la NASA ni uongo. Yapo mengi yasiyo yake inayotwikwa: ule utepe wa kunata kwenye viatu vya watoto ni wa Mswisi George de Mestral, na kikaango kisichogandisha kina dawa iliyogunduliwa mwaka 1938, miaka 20 kabla NASA haijazaliwa. Lakini vilivyo vyake kweli unaishi navyo, na hakuna aliyekuja mlangoni kukuuzia kwa jina lake. Kamera ya simu uliyonayo imetokana na kijidude cha kunasia picha alichokibuni Eric Fossum na wenzake miaka ya mwanzo ya 1990, katika maabara ya NASA iitwayo JPL, kwa kutaka kamera ndogo isiyokula umeme chomboni.

Katika hayo ya NASA, linalomhusu pweza ndilo ninalolipenda zaidi. Miaka ya 1960 NASA ilitaka chakula ambacho hakitamwumiza tumbo mwanaanga, maana kuharisha ndani ya chombo kile ni balaa. Kampuni ya Pillsbury iliyopewa kazi hiyo, pamoja na maabara ya jeshi la Marekani, ikaona kwamba kukipima chakula kilichokwisha kupikwa hakusaidii: ili uwe na uhakika lazima uharibu karibu chote kwa kukipima. Wakageuza fikra. Wakaifuata safari yote ya chakula tangu kilipotoka, wakatafuta ni wapi hasa kinaweza kuharibika, na pale ndipo wakaweka ulinzi na kipimo. Utaratibu huo unaitwa HACCP, na leo kiwanda kinachotaka kuuza samaki au pweza Ulaya lazima kiufuate. Ndiyo maana mnunuzi anayepeleka pweza nje anamsumbua mvuvi kuhusu barafu, anauliza ametoka majini saa ngapi, anakataa aliyewekwa juani. Ni usumbufu wenye maana, na kwa chakula cha nyumbani pia unafaa: ukijua pweza wako huharibika kati ya diko na jikoni, barafu inakaa hapo.

Na fedha za karafuu zenyewe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu kwa wingi. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo kitovu cha karafuu. Wakati ule hakuna aliyekiona kikija. Setilaiti ya kwanza ya NASA ya kutazama hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960, na baada yake mataifa mengine yakarusha zao. Picha nyingi zinazoangaliwa kwa ajili yetu zinatoka katika setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kingali baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Mume wako au ndugu zako wakienda baharini, tahadhari hizo ni bure. Wasikilize kila siku kabla ya kushusha chombo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, msinunue chochote kutoka katika gari lile. Toeni kwanza nauli na gharama za hospitali ya mama. Daktari akishasema mgongo una nini, mwulizeni alale juu ya kitu gani, kisha ndipo mtafute godoro, dukani, penye risiti na mtu wa kumrudia. Ikiwa mmeshatoa arubuni, chukueni namba ya gari na jina lililomo kwenye risiti, mkaripoti kwa sheha na kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Na ukirudi kutoka hospitali niandikie unieleze wamesema nini kuhusu ule mguu wa kulia.